Datsun 1200, Corolla KE70 au Peugeot 504: lipi ulifufue nyumbani liwe gari la dragi?

Mazungumzo ya gari la dragi, yaani la mbio fupi za mstari mnyoofu, gerejini huanzia kwenye injini. Mmoja atataja injini ya Toyota 1JZ, mwingine ya Toyota Altezza, na kabla chai haijapoa watu wameshafunga turbo kwa mdomo. Sisi tunaanzia nyuma ya gari. Injini ya mtumba ukiitafuta Kariakoo utaipata. Ekseli, difu (gia zilizo katikati ya magurudumu ya nyuma), springi na sakafu ya gari ulilonunua ndivyo vinavyoamua kama nguvu hiyo itafika chini au itaishia kwenye meno yaliyovunjika.

Kwa jicho hilo tunayapima magari matatu ya zamani ambayo bado yanaonekana nyuma ya nyumba za watu Arusha na Moshi, mengine yakiwa yamegeuka banda la kuku: Datsun 1200 (saluni ya B110 na pikapu ya B120), Toyota Corolla KE70, na Peugeot 504. Yote yanasukumwa na magurudumu ya nyuma na hakuna lenye kompyuta. Tunamfikiria mtu mwenye sakafu ya saruji inayotosha gari moja, jeki ya tani mbili, stendi nne, spana za milimita, torki renchi, na fundi wa kuchomelea wa kumwita inapobidi. Kuboa bloku, kusaga kranki na kuskimu hedi ni kazi za mashine shop, si za nyumbani.

Dragi hupimwa mita 402, yaani robo maili, au nusu yake, mita 201. Gari linaanza likiwa limesimama, kwa hiyo sekunde mbili za kwanza ndizo zinazotafuta udhaifu wote uliofichwa kwa puti (lipu ya kuzibia bodi) na rangi.

| | Datsun 1200 | Corolla KE70 | Peugeot 504 |
|---|---|---|---|
| Lilitoka mara ya kwanza | 1970 | 1979 | 1968 |
| Injini ya kawaida | A12, cc 1171 | 4K, cc 1290 | XN1, cc 1971 |
| Kipenyo na mwendo wa pistoni | mm 73 × 70 | mm 75 × 73 | mm 88 × 81 |
| Uzito mtupu, takriban | kilo 700–750 | kilo 850–900 | kilo 1200 |
| Nyuma | ekseli nzima, springi za mabapa | ekseli nzima, koili na mikono minne | saluni nyingi: kila gurudumu huru, pikapu: ekseli nzima na mabapa |
| Propela | wazi | wazi | ndani ya bomba |
| Injini kubwa ya ukoo huohuo | A15, cc 1488 | 7K, cc 1781 | hakuna rahisi |

Mstari wa propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu) kwenye jedwali unaonekana mdogo, lakini ndio uliokwamisha ndoto nyingi za 504. Tutaufikia.

Hewa ya Arusha si hewa ya Moshi

Arusha mjini ipo karibu mita 1400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ipo kati ya mita 800 na 900. Hewa ya Arusha ina uzito wa takriban asilimia 87 ya ile ya pwani, na ya Moshi asilimia 92. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho: A12 yenye farasi 65 Tanga hubaki na kama 57 Arusha na 60 Moshi. Hii ina maana tatu kwa mtu anayefufua gari.

Kwanza, kipimo cha kompresheni. Kitabu kikisema silinda nzima inatoa bar 12, hizo ni za pwani. Arusha silinda hiyohiyo itasoma bar 10 na kidogo, Moshi karibu 10.8. Watu wameshauziwa ringi na pistoni ambazo hawakuzihitaji kwa sababu fundi alilinganisha saa yake na kitabu bila kukumbuka mwinuko. Linganisha silinda na silinda: tofauti ikizidi asilimia 10, tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tafuta valvu au gasketi ya hedi.

Pili, jeti za kabureta. Hewa nyepesi hufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi kwa kama asilimia 7 Arusha. Jeti kuu ya 140 iteremshe hadi 135. Kwa Moshi 137.5 inatosha. Hatari ipo upande wa pili: gari lililopangwa Arusha likishushwa Tanga au Dar es Salaam bila kurudishiwa jeti zake litakosa petroli likiwa limekanyagwa mpaka mwisho, na pistoni huyeyuka bila kupiga kelele ya kukuonya. Jeti za pwani zinaingia kwenye kasha la kiberiti. Zikae kwenye gari.

Tatu, uchaguzi wenyewe. Kuna hesabu ya zamani ya kukadiria muda wa mita 402: uzito wa gari na dereva kwa kilo, gawanya kwa farasi wa injini, tafuta kipeuo cha tatu, zidisha kwa 7.6. Datsun ya kilo 720 na dereva wa kilo 75, kwa farasi 57 za Arusha, inatoa sekunde 18.3. Peugeot 504 yenye farasi 93 za kitabu, ambazo Arusha ni 81, inatoa 19 pamoja na ukubwa wote wa injini yake. Corolla KE70 iliyofungwa injini ya Altezza, ikiwa na kilo 1025 pamoja na dereva na farasi 174 zilizobaki Arusha, inatoa 13.7. Hesabu inadhani tairi zimeshika. Zikiteleza, ongeza sekunde zako mwenyewe. Lakini inaonyesha kwamba kilo unazozitoa hazipungui thamani kwa mwinuko, wakati farasi unaowanunua hupungua.

Datsun 1200: nyepesi, na nyuma yake ni dhaifu

Hakuna gari rahisi kufanyia kazi kuliko hili. Boneti ikifunguka unaona ardhi pande zote za injini. A12 ina bering tano za kranki, hedi ya aluminiamu, na valvu zinazosukumwa kwa fito kutoka kamshafti iliyo kwenye bloku. Nafasi ya tapeti ni mm 0.35 injini ikiwa moto. Inakubali mizunguko mingi kuliko umri wake unavyopendekeza. Spea zake hazijafa kwa sababu moja kubwa: pikapu hii iliendelea kutengenezwa Japani hadi miaka ya 1990, na Afrika Kusini iliitwa Nissan 1400 na kuzalishwa hadi 2008. Gasketi, bushi, pampu za maji na vitu vya breki bado vinatengenezwa.

Ukitaka nguvu bila kubadilisha ukoo, tafuta A15 ya Nissan Vanette C22. Inashikana na gia boksi ya A-series ya gari la nyuma. Angalia vitu viwili kabla ya kulipa: bloku yake ni ndefu kwa takriban mm 15, kwa hiyo fito za valvu za A12 hazifai, na bomba la ekzosi pamoja na kabureta vinapanda juu; pima nafasi hadi boneti kwa plastasini, usikisie. A15 yenye kabureta ya midomo miwili, ekzosi iliyotengenezwa vizuri na kamshafti kali kiasi inaweza kukaribia farasi 95. Kwa hesabu yetu ya Arusha, hiyo ni sekunde 16 na kitu kwenye gari ambalo watu wawili wanalisukuma bila kuhema.

Sasa tatizo. Difu ya H145 imepewa jina kwa kipenyo cha gurudumu lake la meno, mm 145. Inavumilia A12 ya kawaida. Ukivuka farasi 100 na tairi zinazoshika, meno ya pinioni huanza kuchimbika na baadaye kupasuka, mara nyingi pale unapoachia klachi ghafla. H165 ni hatua ya busara. Ukiipata kwenye Datsun nyingine, pima upana wa ekseli kutoka uso wa dramu hadi uso wa dramu kabla hujafurahi.

Springi za mabapa nazo zina tabia yake. Ukiondoka kwa nguvu, ekseli inataka kuzunguka kinyume na magurudumu, springi inajikunja kama herufi S, halafu inarudi. Gari linaruka nyuma mara nyingi kwa sekunde, na ndipo difu inapovunjika. Dawa ni kubana mabapa ya nusu ya mbele ya springi kwa klampu, nusu ya nyuma ibaki huru, na kufunga fimbo ya chuma chini ya ekseli inayoelekea jicho la mbele la springi, na raba mwishoni. Usiongeze mabapa ya Canter ukidhani ugumu ni nguvu. Springi ngumu mno haihamishi uzito kwenda nyuma, na pikapu tupu tayari ina kiuno chepesi.

Kutu ya Datsun hukaa kwenye kitako cha betri, chini ya kioo cha mbele, sakafuni chini ya zulia, na kwenye kona za kebini nyuma ya viti. Pita na sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, kuna puti. Gari lililokaa maisha yake Arusha kwa kawaida ni zima kuliko lililotoka pwani, hata kama la pwani limepigwa rangi nzuri zaidi. Breki nazo: nyingi zilitoka na dramu mbele. Kabla ya farasi wa ziada, funga diski.

Corolla KE70: tunalipendekeza kwa wengi

KE70 saluni ina koili nyuma, mikono minne na fimbo ya pembeni inayozuia ekseli isitembee kushoto na kulia. Mikono hiyo ndiyo inayobeba kazi ambayo kwenye Datsun springi inafanya kwa kujikunja. Badilisha bushi zote za mikono na gari linaondoka kwa unyofu bila fimbo za ziada. (Wagoni na vani za ukoo huu zina mabapa, ukikuta bei nzuri ya wagoni, inama uangalie chini kabla ya kushikana mikono.)

Faida ya pili ni ndugu yake AE86, iliyotengenezwa 1983 hadi 1987. Miguu ya mbele, breki na ekseli ya nyuma ya AE86 vina uhusiano wa karibu na KE70, na difu yake ni ya inchi 6.7 badala ya ile ndogo ya inchi 6. Ekseli ya AE86 ikipatikana ni ghali kwa sababu dunia nzima inaitafuta. Ukiipata pamoja na breki zake za diski, umemaliza sehemu ngumu ya mradi.

Injini zipo njia kadhaa, na hapa ndipo pesa inapopotea.

Njia ya bei nafuu ni kubaki na ukoo wa K. 4K ikichoka, 5K ya cc 1486 au 7K ya cc 1781 inakaa mahali pake na kushikana na gia boksi ya K. 7K ipo kwenye TownAce na LiteAce, magari ya mizigo, kwa hiyo hupatikana ikiwa imechoka lakini haijachezewa. Kwenye vani injini hulala upande, na karata ya oili (bakuli la chini ya injini) pamoja na manifoldi hutofautiana. Hamisha karata na mdomo wa kufyonza oili wa 4K, kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kufunga gasketi, kusikia kama konrodi inagusa. 7K haipendi mizunguko mingi, mwendo wa pistoni yake ni mrefu, mm 87.5. Lakini inavuta kutoka chini, na kwa mita 201 kuvuta kutoka chini ni nusu ya mbio. Nafasi za tapeti za 4K ni mm 0.20 kwa kuingiza na 0.30 kwa kutoa, injini moto. Bloku nyingine za K zina tapeti za oili ambazo hazipimwi hivyo, kwa hiyo fungua kifuniko uone ulicho nacho.

Njia ya 4A-GE, cc 1587 yenye gia boksi ya T50, ndiyo safi kuliko zote kwa KE70 kwa kuwa AE86 ilishafanya hesabu zote. Tatizo ni kwamba 4A-GE nyingi zinazouzwa ni za magari ya gurudumu la mbele, na gia boksi ya T50 hupatikana kwa shida. Tafuta gia boksi kwanza. Ukianza na injini utakuwa na pambo la sebuleni.

Njia ya Altezza ndiyo inayopendwa. Injini yake, 3S-GE ya Altezza RS200, ilitoka na farasi 210 ikiwa na gia za mkono sita, 200 ikiwa otomatiki. Usinunue injini peke yake. Nunua kwa mkupuo mmoja, ikiwezekana kutoka gari lililokatwa mbele yako: injini, gia boksi, waya zote bila kukatwa, kontrol boksi, pedali ya mafuta na kebo au sensa yake, sensa ya oksijeni, na ufunguo na boksi lake la usalama kama gari lilikuwa nalo. Waya zikishakatwa kwenye ukuta wa kebini, fundi umeme atakula pesa kuliko injini. Kisha pima: karata ya oili dhidi ya kibebeo cha chini cha mbele, ekzosi dhidi ya fimbo ya usukani, na mkono wa gia dhidi ya tundu la sakafu. Rejeta ya KE70 haitoshi. Weka yenye aluminiamu nene na feni ya umeme yenye relei yake.

Mafuta ya injini hii yanahitaji pampu ya kama bar 3, mpira wa shinikizo la juu na njia ya kurudi tangini. Tangi la zamani halina vizuizi ndani. Gari likiruka mbele, petroli inakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, na injini inakohoa mita kumi baada ya kuondoka. Watu hubadilisha plagi na koili wiki nzima wakitafuta kosa ambalo liko tangini. Chomelea vizuizi, au weka kitangi kidogo cha lita moja na nusu kati ya tangi na pampu kubwa. Tangi la zamani lisichomelewe kabla ya kuoshwa na kujazwa maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea. Mvuke wa petroli ya mwaka jana unalipuka sawasawa na wa jana.

1JZ ndani ya KE70? Inaingia, watu wamefanya. Ni injini ya silinda sita za mstari mmoja yenye bloku ya chuma; pua ya gari inakuwa nzito, ukuta wa kebini unakatwa, na nyuma hakuna difu ya asili itakayoishi. Aliye nayo tayari aifunge kwenye Mark II ya zamani.

Peugeot 504: gari bora, kwa kazi nyingine

504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na sababu zilezile zilizolifanya lishinde huko zinalifanya liwe zito kwa dragi. Lina springi laini zenye safari ndefu na mwili mkubwa, na propela yake imefungwa ndani ya bomba linalounganisha gia boksi na difu. Bomba hilo ndilo linalozuia difu isizunguke. Ukitaka gia boksi nyingine, lazima uondoe bomba, uweke propela ya wazi, kisha ubuni namna mpya ya kuzuia difu isizunguke. Hiyo si kazi ya nyumbani, na fundi anayekuambia ni ya siku mbili hajaiona chini.

Kuifufua injini yenyewe ni raha. XN1 ina mikono ya silinda inayotoka na kuoga maji nje, hivyo hakuna kuboa: unanunua seti ya mikono, pistoni na ringi. Kosa la kawaida ni kuiingiza mikono bila kupima uso wake dhidi ya uso wa bloku. Kila mkono uchomoze kidogo juu, na tofauti ya mmoja na jirani yake iwe sehemu ndogo ya milimita. Ukiingia chini, gasketi haitaubana na maji yatakuwa kwenye oili ndani ya mwezi. Ukishatoa hedi usizungushe kranki kabla ya kubana mikono kwa boliti na washa, la sivyo itanyanyuka na sili za chini zitavuja. Tapeti ni mm 0.10 kuingiza, 0.25 kutoa, injini baridi. Spea zake bado zinafuatwa Nairobi, Kirinyaga Road, eneo la Grogan, kwa sababu Kenya iliunganisha 504 kwa miaka mingi. Kutoka Arusha unapita Namanga, kutoka Moshi unapita Holili, na mzigo utangazwe forodhani.

Ushauri wetu: kama 504 ni ya mzee na ipo uani, ifufue iwe gari la barabara. Usiikate.

Kutu, bati na moto wa kuchomelea

Kazi hii ni moja kwa magari yote matatu na huchukua nusu ya muda. Kabla ya kukata boksi la chini ya mlango, chomelea bomba la kushikilia tundu la mlango kona hadi kona. Usipofanya hivyo mwili unabonyea, na milango haifungi tena hata ubadilishe bawaba. Bati la mm 0.8 hadi 1.0 linafaa kwa mwili, 1.2 kwa sakafu, 1.6 hadi 2 kwa reli za chesisi. Kuchomelea bati la 0.8 kwa fimbo ni kutoboa matundu mapya. Lipa fundi mwenye mashine ya gesi, apige nukta za mm 20 akiruka upande hadi upande ili bati lisipinde. Ondoa betri na alternata wakati huo. Puti isizidi mm 2 au 3. Usipige praima juu ya kutu "iliyosuguliwa kidogo", na usianze rangi masika: kati ya Machi na Mei, hasa Moshi, unyevu hukaa chini ya rangi na kurudi kama vipele mwaka unaofuata.

Mfumo wa maji usijazwe maji ya bomba. Hedi za aluminiamu za injini hizi zote huliwa kwenye matundu ya maji, na hapo hakuna gasketi itakayosaidia. Tumia maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri (si asidi) na kulanti.

Vitu ambavyo dragi inadai na barabara haidai

Propela ikikatika mbele, ncha yake huchimba lami na kulipindua gari, au hupanda sakafuni. Funga kitanzi cha bapa la chuma la mm 50 kwa 6 kuizunguka, kisichozidi mm 150 kutoka krosi (kiungo) ya mbele. Ukihamishia betri kwenye buti, iwe ndani ya boksi lililofungwa kwa boliti hadi chesisi, na swichi kuu inayofikiwa kutoka nje. Flaiwili (gurudumu zito linalobeba klachi) ya zamani yenye nyufa za joto isirudishwe. Ikipasuka kwa mizunguko 7000 inapita kwenye sakafu hadi miguuni. Kizimba cha mabomba cha kumlinda dereva gari likipinduka kiwe cha chuma kisicho na mshono, tao kuu mm 45 unene 2.5, na siyo bomba la maji.

Wapi pa kukimbia ni swali la kuuliza mapema. Barabara kuu ya Arusha–Moshi ina daladala, ng'ombe na watoto wa shule. Si mahali pake, hata saa nane usiku. Eneo lililofungwa kwa ruhusa, chini ya klabu inayotambuliwa na Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndiyo njia pekee tunayoitaja.

Tungechagua nini

Mwenye fedha kidogo, anayejifunza na anayetaka kukimbia mwaka huu, achukue Datsun pikapu, A15, H165, na diski mbele. Atafurahi mita 201 kuliko wengi wenye injini kubwa. Mwenye subira na anayejua ataongeza nguvu baadaye, achukue KE70 saluni: aanze na 7K, akusanye ekseli taratibu, na Altezza ije ikikuta nyuma imeshakuwa tayari. Ukiugeuza mpangilio huo, ukaanza na Altezza, utanunua difu ya pili kabla ya rangi. Kwa anayeishi Arusha, tofauti ya uzito kati ya hayo mawili inamaanisha zaidi kuliko kwa wa Moshi. Ndiyo maana Datsun huwashangaza watu huko juu.

Kabla ya kulipa, soma namba ya chesisi kwa macho yako, kwa tochi na brashi ya waya, uilinganishe na kadi. Datsun na Corolla nyingi za umri huu zimeshabadilishwa injini mara mbili bila kadi kujua, na muuzaji si lazima awe mwongo. Huenda naye aliuziwa hivyo. Mabadiliko ya injini yaandikishwe TRA ili kadi isome sawasawa na kilicho chini ya boneti. Ukikuta namba ya chesisi imesuguliwa, au bati lenye namba limechomelewa upya pembeni, acha gari hilo hata kama bei yake ni ya kuku wawili.